Bright Mumbere, Aliyechora Chumba cha Geneviève

Munkunyu, 14 Machi 1984 – Bwera, 6 Februari 2025

Ndugu, majirani, wakwe zetu mliovuka mpaka, Mchungaji na Padri mliokubali kukaa benchi moja: aliyelala mbele yenu ni Bright Mumbere. Alikuwa mchoraji. Alitaka kumaliza picha moja, na hakuimaliza.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, hapa Munkunyu, wilaya ya Kasese, mtoto wa kwanza wa Bwana Syahuka na marehemu Proscovia. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza na wa kiume, jina la Mumbere lilikuwa limekaa linamsubiri. La Bright aliongezewa na babake, ambaye alikuwa ameanza kazi jikoni kwenye hoteli moja ya watalii huko Mweya, mbugani, na alikuwa anarudi nyumbani na majina ya huko. Aliyempokea mtoto kutoka mikononi mwa mkunga ni bibi yake, Eseza, mama wa Syahuka. Tangu siku hiyo Eseza amekuwa akisimulia kwamba mtoto alitoka na ngumi ya kushoto imefungwa, na walipoifungua wakakuta kipande cha mkaa. Mkunga yu hai, amekaa pale. Alipoulizwa wiki hii alisema mkaa hakuuona, ila pia hakumbuki kama aliangalia.

Proscovia alifariki mwaka 1990, Bright akiwa na miaka sita, na mtoto akalelewa na Eseza. Kwenye ukuta wa jiko la bibi yake alichora jogoo kwa mkaa. Eseza anaapa kwamba jogoo wa kweli alipigana na yule wa ukutani siku mbili mfululizo, akavunjika mdomo, ikabidi aliwe. Mwenye kubisha aende aone tundu ukutani, lipo.

Masomo aliyaanza mwaka 1991 katika shule ya msingi ya hapa kijijini, akaendelea na sekondari huko Bwera hadi kidato cha pili, mwaka 2000. Akiwa darasa la sita mwalimu wake wa hesabu alimwita mzazi. Baba alikuwa Mweya, kwa hiyo akaenda Eseza, ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Mwalimu alimpa daftari.

"Mama, angalia mwenyewe. Humu kuna kila kitu isipokuwa hesabu."

Eseza aligeuza kurasa. Ng'ombe, wanawake wanachuma pamba, mwalimu mwenyewe na tumbo lake.

"Mwalimu," alisema, "mimi sijasoma, lakini hesabu za huyu mtoto nimezielewa zote."

Bright alichapwa viboko vinne na hakuacha.

Kazi aliianza Bwera mwaka 2001. Alichora vibao vya saluni na maduka ya dawa, na maandishi kwenye vikinga tope vya boda boda. Akachora pia tembo. Babake alikuwa anawapeleka Mweya kwa watalii, na tembo hao wamekwenda Ulaya wengi kuliko waliobaki mbugani, kama Eseza anavyopenda kusema. Bright alikuwa hawapendi. Alisema anawachora amelala.

Mwaka 2012 alikutana na Mzee Xavier Kasereka, mkimbizi kutoka Beni, upande wa Kongo, ambaye zamani alikuwa anafundisha kuchora huko Butembo. Mzee Xavier alisimama mbele ya kibanda cha Bright, akamtazama tembo mmoja kwa muda mrefu.

"Mutoto yangu, hii tembo uliiona wapi?"

"Kwenye kalenda, mwalimu."

"Basi hukuchora tembo, ulichora kalenda. Kesho ukuye kwangu, ntakuonesha kivuli."

"Kivuli si nyeusi tu?"

"Nyeusi? Nani alikudanganya? Angalia chini ya ile kiti. Ona bulu. Ona zambarau. Nyeusi iko ya jeneza."

Kwa Mzee Xavier alijifunza rangi za mafuta. Alijifunza kutandika turubai kutoka gunia la unga, kulipaka gundi na chokaa, kulingoja likauke. Alijifunza kwamba mchoraji hachori kiti, anachora mwanga ulioangukia kiti. Rangi haikorogwi mpaka ikafa. Inawekwa alama kwa alama, zambarau kando ya njano, kijani kando ya waridi, na jicho la mtazamaji ndilo linalozichanganya likiwa mbali. Ukiikaribia picha ya namna hiyo unaona madoadoa, kama mtu amepangusia brashi. Ukirudi nyuma hatua tano, doa linakuwa shavu. Shida ni kwamba chumba alichopanga Bright hakikuwa na hatua tano. Ya tano ilikuwa nje, kwenye mfereji wa maji machafu. Kwa hiyo watu wengi waliomtembelea walitazama picha zake kwa karibu, wakamhurumia.

Jumamosi tarehe 25 Julai 2015 alifunga ndoa na Geneviève, mpwa wa Mzee Xavier, aliyekimbilia Bwera mwaka mmoja kabla, akawa anauza vitenge. Ndoa ilifungwa katika Kanisa Katoliki. Eseza ni Mprotestanti, na siku hiyo alipiga magoti wakati wengine wamesimama, akasimama wakati wengine wamepiga magoti, mpaka Geneviève akaanza kucheka chini ya shela. Picha za harusi zipo mbili, na katika zote mbili shela imeanguka usoni kwa ajili ya kicheko hicho. Tarehe 3 Mei 2016 walijaliwa binti, Marlène.

Chumba chao kilikuwa na dirisha moja, na jirani alikuwa amejenga ukuta karibu nalo. Jua liliweza kuingia tu kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Septemba, linapozama upande wa milimani, na kwa siku lilikaa dakika arobaini, tangu saa kumi na moja na nusu. Juni 2019 Bright alianza kumchora mkewe katika mwanga huo. Geneviève alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, amevaa kitenge cha bulu, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Dakika arobaini kwa siku, na siku ya mawingu hakuna kitu. Maharagwe yale yalichambuliwa mara sabini, hayajawahi kuwa safi hivyo. Picha ilikamilika Ijumaa tarehe 30 Agosti 2019. Mzee Xavier alisimama kwenye mfereji, akaitazama kutoka mlangoni, akavua kofia.

"Hii," alisema, "hata mimi singeweza."

Hapa panahitaji kusemwa jambo ambalo halijawahi kusemwa mbele ya watu, na Eseza mwenyewe ametaka lisemwe.

Jumapili tarehe 1 Septemba mama yake Geneviève alikuwa anakuja kutoka Butembo kuona kwa mara ya kwanza nyumba ambayo binti yake ameolewa. Eseza alifika Bwera siku moja kabla ili asaidie kupika, na mbuzi wa wakwe alifungwa nje. Asubuhi ya Jumapili Bright na Geneviève walikwenda mpakani kumpokea mgeni, mtoto mgongoni. Nyumbani walibaki Eseza na Kyomuhendo, jirani, waliokuwa wanamenya ndizi. Kyomuhendo aliingia kuchukua sufuria, akaikuta picha ukutani, akaisogelea.

"Mama Eseza! Njoo uone aibu."

"Aibu ya nani?"

"Ya kwenu. Angalia chini ya jicho. Angalia shavu. Huyu mwanamke amepigwa, na aliyempiga amekaa akamchora na alama zake zote."

Eseza aliinama. Kweli, chini ya kidevu palikuwa na zambarau, kwenye shavu kijani, na kando ya jicho njano kama jeraha linalopona. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba zambarau ni kitenge cha bulu kinachorudisha mwanga juu, na kijani ni migomba ya nje ya dirisha. Alichokiona ni mkwe anaingia, anamtazama binti yake ukutani, anageuka na kurudi Butembo bila kuonja chakula.

"Wataondoka naye leo leo," alisema Kyomuhendo.

Eseza alichovya kitambaa katika mafuta ya taa, maana kwake mafuta ya taa huondoa kila kitu. Alikusudia kufuta zile alama tu. Lakini rangi ya mafuta si kama ya ukutani, hukaa wiki kadhaa ikiwa mbichi. Zambarau ilikwenda kwenye mdomo, mdomo ukaenda kwenye pua. Kadiri alivyosafisha ndivyo uso ulivyoondoka, mpaka akakutana na nyuzi za gunia. Kyomuhendo alikumbuka kwamba ana kazi nyumbani kwake.

Eseza alitoka nje kutupa kitambaa, akavuka kizingiti, akaingia katika mfereji, akageuka. Na kutoka hapo, kwa mara ya kwanza, aliiona. Chumba kizima kilikusanyika: mwanga umelala sakafuni, mikono imo ndani ya ungo, kila punje ya haragwe na kivuli chake, kitenge kinapumua. Mwanamke aliyekuwa anapendwa alikaa pale, na mahali pa uso wake palikuwa na doa la matope.

Eseza ana miaka themanini na kitu, na katika maisha yake hajawahi kukosa hadithi. Siku hiyo pia hakukosa. Alichukua kitambaa kile kile akampaka mbuzi mdomoni.

Bright aliporudi alisimama mbele ya picha. Kisha akauliza, "Mukaka, imekuwaje?" Ndivyo wajukuu wa huku wanavyowaita bibi zao.

"Mbuzi, mjukuu wangu. Kamba ilikatika. Nimeingia namkuta analamba, ameanzia kidevuni."

"Mbuzi?"

"Ndiyo, mbuzi! Alidhani ni chumvi!"

Bright alitoka, akamfungua mbuzi mdomo, akaona zambarau kwenye ndevu. Alicheka mpaka akakaa chini. "Basi hata mbuzi ameona ni mzuri," alisema.

Geneviève naye alicheka. "Zimebakia siku tatu za jua, bwana. Ntaikaa. Uso yangu haiyaenda fasi yoyote, iko hapa."

Ni kweli, zilibaki siku tatu, na huenda zingetosha kwa uso. Lakini Eseza aliogopa. Aliogopa kwamba Bright akikaa karibu na turubai lile atasikia harufu ya mafuta ya taa. Kwa hiyo alisema mate ya mbuzi hayachezewi, yaachwe yakauke, yakichanganywa na rangi mpya picha nzima itaoza. Alisema aliwahi kuona mlango wa kanisa ulioliwa na mate ya mbuzi mpaka ukabaki bawaba. Bright hakuamini hata neno moja, Eseza anajua. Alitii kwa heshima tu, na kwa kuwa wageni walikuwapo, na kwa kuwa mkewe alikuwa pale anapakua chakula.

"Haya, Mukaka, tusubiri mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita jua itarudia," alisema Geneviève, "na mimi ntakuwa palepale na maharagi yangu."

Tarehe 19 Desemba 2019 Geneviève alivuka mpaka kwenda Butembo kula Noeli na mamake. Marlène alikuwa na homa, akaachwa Munkunyu kwa Eseza. Geneviève alikuwa arudi Jumatano tarehe 8 Januari. Gari alilopanda siku hiyo lilikutwa limeteketea barabarani, kabla ya kufika Kasindi, mpakani. Watu wanne walitambuliwa. Yeye hakuwa miongoni mwao, wala hajaonekana mpaka leo. Mzee Xavier alivuka mara tatu kumtafuta, na mara ya tatu alirudi bila kofia.

Juni 2020 jua liliingia dirishani kama lilivyoahidi. Bright aliweka kigoda mahali pake, akasimamisha turubai, akakaa na brashi dakika arobaini mbele ya kigoda kitupu. Alifanya hivyo kila jioni ya jua, miaka minne mfululizo. Alichora uso, akauangalia kutoka mfereji, akarudi akaukwangua kwa kisu. Mzee Xavier alihesabu nyuso kumi na saba. Picha ya Geneviève iliyoonyesha uso ilibaki moja tu, ya kitambulisho cha wakimbizi, ambapo aliambiwa asicheke. Simu yake ilikwenda naye, na ya Bright ilikuwa ya tochi, haina kamera. Alijaribu kuichora ile ya kitambulisho. Alisema, "Huyu ni wa polisi," akaukwangua.

Tembo aliacha. Babake alimwambia, "Mwanangu, watalii wanakuulizia." Alijibu, "Baba, waambie wamekufa."

Kuutafuta ule uso hakukuwa kwa ajili yake peke yake. Marlène alikuwa na miaka mitatu mama alipoondoka, na hakumbuki uso. Anakumbuka mkono na sauti ya maharagwe kwenye ungo. Juni 2023, mtoto akiwa na miaka saba, Bright alimkalisha kwenye kigoda na kitenge, akamchora, akaenda mlangoni kuangalia. Kisha akaukwangua taratibu.

"Kwa nini unaifuta, papa?"

"Huyu ni wewe."

"Sasa mama alikuwa aje?"

Bright aliosha brashi. Baada ya hapo mtoto hakuuliza tena. Ila Marlène aliambiwa kwamba mbuzi ndiye aliyelamba uso wa mama, na tangu alipoambiwa hali nyama ya mbuzi, na akikutana nao njiani anawapiga mawe, huku analia. Eseza ameiona kwa macho yake zaidi ya mara moja. Kila alipofungua kinywa ili aseme, ilitoka hadithi nyingine.

Novemba 2023 miguu ya Bright ilianza kuvimba. Iligunduliwa ni figo. Alitibiwa Bwera, kisha Kasese, akarudi. Juni 2024 alikaa mbele ya kigoda bila brashi, akautazama mwanga ukiingia na kutoka, akasema mikono imechoka. Tarehe 20 Januari mwaka huu alilazwa hospitali huko Bwera.

Jumatano tarehe 5 Februari, mchana, Eseza alipanda boda boda kutoka hapa. Safari hii alikuwa amekata shauri. Alikuta mjukuu wake amekuwa mwembamba usoni na mzito miguuni. Alikaa kitandani, akamshika mkono wa kushoto.

"Bright, nimekuja na neno la kweli."

"Ya kweli nimeshiba, Mukaka. Unipe ya uongo."

"Sikiliza kwanza."

"Tafadhali. Moja tu. Ndefu."

Eseza alimwambia ya kiboko wa Mweya aliyekuja hospitali kupimwa presha, akakalia benchi la wajawazito, akaambiwa asubiri jina lake, na kabla ya zamu yake kufika manesi wakawa wanabishana mashine itamfunga mkono upi. Bright alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Nesi Phionah akaja mbio.

"Mama, mgonjwa anahitaji kupumzika, si kucheka!"

"Nesi, muache," alisema Bright. "Kiboko bado hajaitwa."

Alilala kabla kiboko hajaitwa. Eseza alikaa hapo hadi saa kumi na moja, akingoja aamke. Akaambiwa muda wa wageni umekwisha, akaondoka, akisema kesho.

Bright Mumbere alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini. Eseza alikuwa njiani na uji.

Siku hiyo hiyo Eseza alimwambia Mzee Xavier ukweli wote, tangu kitambaa hadi mate. Mzee Xavier akasema, "Siku tatu, Mukaka. Geneviève alikuwa ameikaa palepale." Hajasema naye tena. Leo yupo hapa kati yetu, na hilo tunamshukuru.

Basi ijulikane mbele ya sanduku hili, na Marlène asikie, maana ndiye anayestahili kusikia kuliko wote: hakuna mbuzi aliyelamba. Ni bibi wa baba yako, kwa mkono wake, na kitambaa, na mafuta ya taa. Marehemu ameondoka bila kuambiwa.

Baadhi ya ndugu walitaka mchoraji mwingine atafutwe ajaze uso kabla ya mazishi, ili picha ipendeze. Familia imekataa. Picha imeletwa, imesimamishwa pale kwenye baraza. Msiisogelee.

Marehemu ameacha binti mmoja, Marlène, miaka minane, ambaye sasa atakaa Kasese kwa shangazi yake Immy. Baba yake, Bwana Syahuka. Dada yake Immy. Mama mkwe wake, aliyefika jana kutoka Butembo na ambaye hana kaburi la binti yake la kuwekea maua. Mwalimu wake, Mzee Xavier Kasereka. Na bibi yake, Eseza, ambaye alikuwa na miaka mitano ya kusema neno moja.

Bright apewe amani na apumzike nayo. Eseza haombi sehemu yake.